Tezi ikizembea shingoni, ini hujaa mafuta

*Katika ukanda wa dhahabu wa Shinyanga na Geita, ini likiharibika hushitakiwa pombe, kichocho au homa ya ini. Shingo haiulizwi.*

Jua halijapanda vizuri, Segese imeshaamka. Karasha zimeanza kusaga mawe, bodaboda wanagombea abiria wa kwenda Kahama na wa kwenda Kakola, na kwenye vibanda vya mama ntilie maharage yanachemka. Chumvi inachotwa kwa kiganja kutoka kwenye mfuko uliofunguliwa siku kadhaa zilizopita. Mfuko unakaa pembeni ya jiko, mdomo wazi, ukipigwa na mvuke na joto tangu alfajiri hadi jioni.

Kata hii ya Halmashauri ya Msalala, wilayani Kahama, imo ndani ya nchi ya dhahabu. Upo mgodi mkubwa wa Bulyanhulu, yapo maduara ya wachimbaji wadogo, na kote kuzunguka ni mashamba ya mpunga, mahindi, viazi vitamu na mihogo. Watu wa hapa wanafanya kazi nzito, kwa hiyo mtu akisema amechoka hakuna anayeshangaa.

Shida inaanzia hapo. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu anaishiwa nguvu kabla ya saa nne asubuhi. Anajitanda kitenge wakati wenzake wanatokwa jasho. Ngozi imekauka, choo kimekuwa kigumu, hedhi imekuwa nzito, na magauni yanambana ingawa sahani yake haijaongezeka. Zahanati inapima malaria, inapima wingi wa damu, inapima presha. Anapewa vidonge vya kuongeza damu na kuambiwa apumzike.

Baada ya miezi anaanza kuhisi uzito chini ya mbavu za kulia. Anapanda gari hadi Kahama, anafanyiwa ultrasaundi, na majibu yanasema ini lina mafuta. Anaulizwa kama anakunywa. Yeye ni Msabato, pombe hajaionja maishani. Anaambiwa apunguze mwili, anarudi nyumbani na aibu ya kosa asilolitenda.

Simpi jina kwa sababu si mtu mmoja. Ni mgonjwa wa namna ambayo kila daktari wa zamu amewahi kumwona, na katika mzunguko wake wote huo kuna kipimo kimoja ambacho hakikuagizwa: kipimo cha damu kiitwacho TSH, kinachoonyesha kama tezi ya thairoidi, ile iliyokaa mbele ya koo, inafanya kazi yake au imezembea.

> Anaulizwa kama anakunywa pombe. Haulizwi kama anahisi baridi.

Washitakiwa watatu wa kudumu

Ukanda huu una sababu nzuri za kuliogopa ini. Pembezoni mwa Ziwa Victoria kichocho cha tumbo kimeishi na watu vizazi kwa vizazi. Mayai ya minyoo yake hukwama kwenye mishipa ya ini, kovu hujengeka, bandama huvimba, na mwisho wake ni mgonjwa anayetapika damu. Homa ya ini aina ya B nayo ipo, na huambukizwa kimyakimya kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, kwa ngono na kwa damu. Kisha kuna gongo na pombe nyingine kali zinazouzwa kila palipo na rashi ya dhahabu.

Haya matatu ni ya kweli na yanaua. Lakini yamekaa kwenye fikra zetu kiasi kwamba ini likionekana na kasoro, mgonjwa hupangiwa moja kati yake hata kama halimhusu.

Wakati huohuo miili imebadilika. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2015–16 ulikuta wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa kuzaa wana uzito uliozidi au unene. Ule wa 2022 ulikuta 36. Hilo si jambo la Masaki na Mikocheni, Dar es Salaam, peke yake. Palipo na fedha ya dhahabu pana chipsi mayai, soda, vinywaji vya kuongeza nguvu na wali wa mafuta saa zote, na mchimbaji aliyepanda cheo akawa bosi wa duara hashuki tena shimoni kutoa jasho.

Ini lenye mafuta, kwa kipimo cha madaktari, ni lile ambalo mafuta yamezidi asilimia tano yake. Duniani inakadiriwa kuwa watu wazima 30 katika kila 100 wanalo. Wengi hawatapata madhara makubwa. Kwa baadhi, mafuta huleta uvimbe wa chembe za ini, uvimbe huleta kovu, kovu likienea ini husinyaa na kuwa gumu, na hapo saratani hupata mlango. Yote hayo yanaweza kuchukua miaka 20 bila maumivu yoyote ya kumfanya mtu aende hospitali.

Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini vya Ulaya, Marekani na Amerika ya Kusini viliubadilisha jina ugonjwa huu. Jina la zamani lilisema tu kwamba hautokani na pombe. Jina jipya linautaja kuwa ni ugonjwa wa hitilafu katika namna mwili unavyotumia sukari na mafuta. Kwa mama yetu wa Segese mabadiliko hayo yana uzito, maana yanamwondolea tuhuma na kumrudishia daktari swali: ni nini hasa kilichoharibu matumizi hayo?

Kihenge kisichotoa nafaka

Tezi ya thairoidi ya mtu mzima ina uzito wa gramu 20 hivi. Kazi yake ni kukamata madini joto, yaani ayodini, kutoka kwenye damu na kuyatumia kutengeneza homoni. Ile inayotolewa kwa wingi huitwa T4, kwa sababu ina chembe nne za madini joto. Ikifika kwenye ini na viungo vingine hunyofolewa chembe moja ikawa T3, na hiyo ndiyo inayofanya kazi yenyewe.

Ndani ya ini T3 hufungua shughuli nyingi kwa wakati mmoja. Huamuru mafuta yachomwe kuwa nguvu. Huamuru chembe za ini zivunje matone ya mafuta zilizoyaweka akiba. Huongeza vipokezi vinavyoiondoa kolesteroli mbaya kwenye damu. Homoni ikipungua, ini ni kama kihenge cha Msukuma kinachojazwa kila msimu na hakuna anayekwenda kuchota: mafuta yanaendelea kuingia kutoka kwenye chakula na kutoka kwenye mwili wenyewe, ila hayatoki.

Athari haziishii hapo. Tezi ikizembea, mwili huwa mgumu kuitikia insulini, sukari huelea kwenye damu, na ini huigeuza sehemu yake kuwa mafuta mapya. Kolesteroli hupanda. Mwendo wa mtu hupungua kwa sababu misuli imechoka, uzito huongezeka, na uzito nao humwaga mafuta zaidi kwenye ini.

Ubongo hugundua upungufu mapema. Tezi iliyo chini yake huanza kupiga kelele kwa kutoa TSH nyingi, ikiiamuru ile ya shingoni iongeze bidii. Ndiyo maana TSH ikiwa juu ni dalili kwamba shingoni kazi haiendi. Kwa maabara nyingi, kiwango cha kawaida cha mtu mzima huwa kati ya 0.4 na 4.0 hivi.

Kinachozembesha tezi ni vitu mbalimbali. Katika nchi zenye madini joto ya kutosha, mara nyingi ni kinga ya mwili yenyewe kuishambulia tezi, ugonjwa ulioelezwa 1912 na daktari Mjapani Hakaru Hashimoto na ambao hadi leo unaitwa kwa jina lake. Huwapata wanawake mara nyingi kuliko wanaume. Wengine tezi huzembea miezi michache baada ya kujifungua, na uchovu wao huchukuliwa kuwa ni wa kunyonyesha.

Halafu kuna kundi ambalo kwa Kanda ya Ziwa lingepaswa kuandikwa kwenye daftari la peke yake: watu waliofanyiwa upasuaji wa rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, na tezi yote ikaondolewa. Hao hawana tena pa kutengenezea homoni. Wanahitaji kidonge kila siku hadi mwisho wa maisha. Aliyepasuliwa katika hospitali ya rufaa kama Bugando, Mwanza, kisha akarudi kijijini na dawa ya miezi miwili, akiiacha atapona kidonda cha shingo na kuanza kuugua mwili mzima.

Takwimu zinavyovutana

Je, uhusiano huu wa shingo na ini umethibitishwa, au ni vitu viwili vinavyokutana kwa mtu mmoja kwa sababu wanene wengi wanavyo? Hapa wataalamu wamevutana kwa zaidi ya miaka kumi.

Mwaka 2012 watafiti wa Korea Kusini waliwalinganisha watu 2,324 wenye tezi dhaifu na wengine wa umri na jinsia ileile ambao tezi zao ni nzima. Ini lenye mafuta lilikutwa kwa asilimia 30.2 ya kundi la kwanza, na asilimia 19.5 ya kundi la pili. Kadiri TSH ilivyokuwa juu, ndivyo walioathirika walivyokuwa wengi.

Uholanzi walikwenda mbali zaidi. Mjini Rotterdam kuna mradi wa miaka mingi unaofuatilia afya za wakazi wa mtaa mmoja, na mwaka 2016 ulitoa matokeo ya watu zaidi ya 9,000 waliofuatiliwa kwa miaka kumi hivi. Waliokuwa na tezi dhaifu walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, mara 1.24, wa kuja kupata ini lenye mafuta. Uzito wa utafiti huo uko kwenye mpangilio wa muda: tezi ilipimwa kwanza, ini likafuata.

Mwaka uliofuata ulikuja uchambuzi uliokusanya tafiti nyingi pamoja na kuhitimisha kinyume, kwamba uhusiano huo hauonekani. Mwaka 2018 uchambuzi mwingine, mpana zaidi, ukasema upo, na kwamba mwenye tezi dhaifu ana uwezekano ulioongezeka kwa asilimia 40 hivi.

Msomaji asiye daktari anaweza kuona hapa fujo. Mimi naona jambo la kawaida la sayansi: tafiti hizo hazikutumia mpaka mmoja wa TSH, wala njia moja ya kulipima ini, wala hazikuondoa kwa usawa athari ya unene na kisukari. Ukiziweka kando zilizo dhaifu, zinazobaki zinaelekea upande mmoja, ingawa si kwa nguvu inayofanana.

> Rotterdam tezi ilipimwa kwanza, ini likafuata.

Ushahidi unaonishawishi zaidi haukutoka kwenye kuhesabu wagonjwa. Umetoka kwenye dawa.

Singapore, wanaume 20 wenye kisukari na ini lenye mafuta, ambao tezi zao zilikuwa nzima, walipewa dozi ndogo ya homoni ya thairoidi kwa wiki 16. Mafuta kwenye maini yao yalipungua kwa asilimia 12 ya yale waliyoanza nayo. Ni watu wachache, na hakukuwa na kundi la kulinganisha, lakini ini lilijibu.

Kisha Machi 14, 2024, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilipitisha dawa ya kwanza kabisa ya ini lenye mafuta lililokwisha kuvimba na kupata kovu. Dawa hiyo, resmetirom, kimsingi ni ufunguo uliochongwa kwa mfano wa homoni ya thairoidi. Inaingia kwenye kipokezi kimoja tu cha homoni hiyo, kile kilichojaa kwenye ini, na kukiacha kile cha moyo na mifupa. Katika jaribio la wagonjwa 966, uvimbe wa ini uliisha bila kovu kuongezeka kwa asilimia 25.9 ya waliotumia dozi ndogo na asilimia 29.9 ya waliotumia dozi kubwa. Kwa waliopewa kidonge kisicho na dawa ilikuwa asilimia 9.7.

Yaani dunia ilipoitafuta dawa ya ini kwa miongo, ilikuja kuipata kwa kufuata njia ya shingo. Bei yake Marekani ilitangazwa kuwa dola 47,400 kwa mwaka, zaidi ya Sh100 milioni. Haitafika Msalala leo wala kesho. Lakini homoni yenyewe, levothairoksini, kwa yule ambaye tezi yake imezembea kweli, ni kidonge cha zamani kisicho na hakimiliki, na kimo kwenye orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani.

Chumvi, udaga na samaki wa ziwani

Kwa nini jambo hili liulizwe Segese na si Dar es Salaam? Jibu limo kwenye sufuria.

Madini joto kwa asili hukaa baharini. Mbali na pwani, udongo uliooshwa na mvua kwa karne nyingi huwa nayo machache, na chakula kinachoota juu yake vivyo hivyo. Watu hudhani dagaa na sangara hutatua hilo, lakini samaki wa maji baridi hawana madini joto kwa kiwango cha samaki wa bahari. Mtu anaweza kula dagaa wa Mwanza kila siku na bado akapungukiwa.

Katika miaka ya 1980 rovu lilikutwa kwa robo ya watoto wa shule waliopimwa nchini. Taasisi ya Chakula na Lishe, iliyoanzishwa 1973, iliongoza ugawaji wa vidonge vya mafuta yenye madini joto katika wilaya zilizoathirika zaidi, na mwaka 1994 zikatungwa kanuni za kulazimisha chumvi ya mezani iwekwe madini joto. Kufikia 2004 rovu kwa watoto lilikuwa limeshuka hadi asilimia 7 hivi. Hiyo ni moja ya kazi kubwa za afya ya jamii zilizofanywa na nchi hii, na haisimuliwi inavyostahili.

Kazi hiyo hata hivyo haina siku ya kukamilika. Chumvi ya Uvinza na ya viwanda vya pwani inaweza kuwekwa madini joto kiwandani. Ya wazalishaji wadogo ni ngumu kuifuatilia. Wasukuma wana historia ndefu ya kuifuata chumvi mbali; misafara yao ya kwenda Ziwa Eyasi ilikwishaandikwa katika miaka ya 1930. Chumvi ya magadi ya ziwani, kama haikupita kiwandani, haina kinga inayotarajiwa.

Na hata iliyotoka kiwandani ikiwa sawa hupungua ikipigwa na jua, unyevu na joto. Ule mfuko ulio wazi pembeni ya jiko unapoteza kile ambacho sheria ililazimisha kiwekwe. Mtu mzima anahitaji mikrogramu 150 za madini joto kwa siku, mjamzito 250. Ni kiasi kidogo mno kuonekana kwa macho, na kinaweza kuponyoka bila chumvi kupoteza ladha yake.

Mihogo nayo ina lake. Muhogo mchungu una sumu ya sianidi, na mwili ukiivunja hutoa kemikali inayoizuia tezi kukamata madini joto. Kuanzia miaka ya 1960 watafiti wa Kibelgiji, akiwemo François Delange, walilichunguza rovu katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya Ziwa Kivu, mashariki mwa Kongo. Waliona kuwa madini joto yalikuwa machache kisiwa kizima, ila rovu lilijaa upande mmoja kuliko mwingine. Ulaji wa muhogo ulikuja kuwa maelezo yao makubwa.

Udaga, yaani muhogo wa kuvundikwa, ukivundikwa vizuri na kukaushwa kwa siku za kutosha hupoteza sehemu kubwa ya sumu hiyo. Hatari huja msimu wa njaa, watu wanapofupisha siku za kuvundika ili wale haraka. Mkoani Mara, Tarime, mwaka 1985, ufupi huo wakati wa ukame ulileta ugonjwa wa kupooza miguu uitwao konzo. Sisemi udaga uachwe. Nasema chumvi nzuri na uvundikaji kamili huenda pamoja, na ukikosekana mmoja mwingine hubeba mzigo usiouweza.

Jambo jingine la kuzingatia: madini joto yakizidi nayo huivuruga tezi. Vipimo vya 2004 vilionyesha kuwa wakati baadhi ya maeneo yalikuwa na upungufu, mengine yalikuwa na ziada. Mtu asianze kumeza matone ya ayodini kwa sababu amesoma gazeti.

Moshi wa zebaki

Wachimbaji wataniuliza kuhusu zebaki, na wana haki. Wanaikamatishia dhahabu kwenye mialo, kisha wanaichoma, mara nyingi kwa moto wa wazi karibu na nyumba. Rwamagasa, mkoani Geita, ilikuwa moja ya maeneo ya mradi wa kimataifa wa zebaki uliosimamiwa na shirika la Umoja wa Mataifa la maendeleo ya viwanda mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uchunguzi wa afya uliofanyika huko ulikuta takriban robo ya wachomaji wana dalili za kudhuriwa na zebaki.

Zebaki hushikamana na seleniamu, na vimeng'enya vinavyoigeuza T4 kuwa T3 vinahitaji seleniamu. Hoja hiyo ni ya maana kikemia. Kwa binadamu, tafiti zilizolinganisha zebaki mwilini na homoni za tezi zimetoa majibu yanayopishana, kwa hiyo siwezi kuandika kwamba moshi wa mialo ndio unaojaza maini mafuta. Zebaki inajulikana kuharibu ubongo, mishipa ya fahamu na figo, na hilo pekee linatosha kuiogopa. Tanzania iliridhia Mkataba wa Minamata mwaka 2020. Atakayekuja Msalala au Geita kuwapima wachimbaji zebaki afanye wema mmoja zaidi: damu hiyohiyo aipime TSH.

Nani apimwe?

Upande mmoja wapo wanaotaka kila mwenye ini lenye mafuta apimwe tezi. Upande wa pili wapo wanaoona hilo ni kutapanya fedha. Hoja za upande wa pili si za kupuuzwa. Kipimo cha homoni kinahitaji mashine na vitendanishi ambavyo kwa kawaida viko hospitali kubwa na maabara binafsi za mjini, zahanati haina. Wengi wenye ini la mafuta watakutwa na tezi nzima, na tiba yao itabaki ileile ya chakula, mwendo na uzito. Tena kuna kundi la katikati, TSH imepanda kidogo na T4 ni ya kawaida, ambalo likianzishiwa dawa ovyo hubebeshwa kidonge cha maisha bila faida. Jaribio kubwa la Ulaya la 2017, kwa wazee 737 wa namna hiyo, halikuona nafuu yoyote ya dalili kwa waliotumia homoni.

Nakubaliana nao kwamba tusipime kila mtu. Lakini kutoka hapo hadi kutompima yeyote ni mbali. Mwenye ini la mafuta ambaye pia anahisi baridi isiyoeleweka, ana choo kigumu, hedhi nzito, kolesteroli ya juu, mapigo ya moyo ya polepole, rovu, kovu la upasuaji shingoni, au ndugu wa damu mwenye ugonjwa wa tezi, apimwe. Mjamzito mwenye dalili hizo apimwe haraka zaidi, kwa sababu ubongo wa mtoto tumboni hutegemea homoni ya mama katika miezi ya mwanzo.

Gharama iliyopo sasa nayo ihesabiwe. Mama wa Segese amelipa nauli ya Kahama mara kadhaa, amelipia ultrasaundi, amenunua dawa za malaria asiyo nayo na dawa za asili za kusafisha ini. Kipimo kimoja cha damu kingeweza kukata mlolongo huo. Mfuko wa afya ya jamii ulioboreshwa ulikuwa ukitoza kaya ya watu sita Sh30,000 kwa mwaka, na tangu 2023 nchi ina Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote. Kitita cha msingi kikilipia ultrasaundi inayoonyesha mafuta na kikakataa kipimo kinachoweza kueleza yalikotoka, kitakuwa kimelipia nusu ya jibu.

Halmashauri yenye mapato ya dhahabu haiwezi pia kusema haina uwezo wa kusafirisha sampuli za damu. Sampuli za VVU na kifua kikuu zimekuwa zikisafirishwa kutoka vituo vya vijijini kwenda maabara kubwa kwa miaka mingi. Njia ipo. Kinachohitajika ni kuongeza kichupa kwenye boksi.

> Kitita kikilipia ultrasaundi na kukataa TSH, kitakuwa kimelipia nusu ya jibu.

Kidonge chenye masharti

Mwenye tezi iliyothibitika kuzembea akianza levothairoksini, kuna mambo ambayo hayasemwi vya kutosha kwenye dirisha la dawa. Kidonge humezwa asubuhi tumbo likiwa tupu, kwa maji matupu, nusu saa hadi saa moja kabla ya chai. Vidonge vya kuongeza damu na vya kalsiamu huizuia dawa kuingia mwilini. Lazima vipishane kwa saa nne. Fikiria sasa mwanamke aliyepewa vyote viwili kwenye mfuko mmoja wa karatasi na kuambiwa ameze asubuhi.

Joto nalo huiharibu. Chini ya bati la Segese mchana wa Oktoba si mahali pake. Ikae mahali pakavu penye kivuli, ndani ya pakiti yake, mbali na jiko.

Na kwa wasio na ugonjwa wa tezi, hasa vijana wanaonunua vidonge vya kupunguza mwili kwa njia za vificho: homoni hii ikitumiwa na mtu mwenye tezi nzima humwongezea mapigo ya moyo, huvuruga mdundo wake na kumomonyoa mifupa. Kwao tiba ya ini ni ileile ya kupunguza uzito. Ukishuka kwa asilimia tano mafuta huanza kutoka, ukishuka kwa saba hadi kumi hata uvimbe hupoa.

Hata aliye na tezi dhaifu asitegemee kidonge kimalize kila kitu. Homoni huufungua mwili utumie mafuta yake. Kama soda na vitafunwa vya kukaanga viko palepale, ini litajazwa upya. Kichocho kitibiwe kwa prazikwanteli kikikutwa, homa ya ini B ipimwe, na pombe iachwe na anayekunywa, kwa sababu mtu mmoja anaweza kuwa na ini lililoshambuliwa na vyote hivyo pamoja.

Wiki sita hadi nane baada ya kuanza dawa, TSH hupimwa tena ili dozi irekebishwe. Wengi huanza kuhisi nafuu ya uchovu na baridi mapema kuliko hapo, na wengi huiacha dawa wakati huohuo wakidhani wamepona. Ini huchukua muda mrefu zaidi, miezi kadhaa hadi mwaka, ndipo ultrasaundi ya kurudia huwa na maana. Vimeng'enya vya ini, chembe sahani za damu na umri wa mgonjwa vikiwekwa kwenye hesabu rahisi iitwayo FIB-4, daktari wa wilaya anaweza kujua bila mashine ya bei kubwa ni nani ambaye kovu lake limekwenda mbali kiasi cha kupelekwa Bugando, na ni nani anayeweza kuendelea kutibiwa Kahama.